Jina na Nakala: Maadili ya Kunakili Kazi za Sanaa katika Mpaka wa Kaskazini-Mashariki ya Kenya

1. Utangulizi

Diff ni mji mdogo wa mpakani, kusini mwa Wajir, katika eneo lililoitwa Mkoa wa Kaskazini-Mashariki hadi zilipoanza serikali za kaunti mwaka 2013. Wakazi wake wengi ni wafugaji wasemao Kisomali, na ng'ambo ya mpaka wako jamaa wa lugha hiyohiyo. Sheria ya Kenya huhesabu kuwa ni kosa kunakili wimbo au shairi la mtu na kuliuza bila ya idhini yake. Hata hivyo, kwa miongo mingi nyimbo na mashairi yalienea katika miji ya namna hii kwa nakala ambazo hapana aliyeziombea idhini.

Mjadala wa jambo hili huishia mara nyingi kwenye mojawapo ya hukumu mbili: ama mnakili ni mwizi, ama ni maskini asiyestahili lawama. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu zote mbili ni nyepesi. Historia ya eneo hili inafundisha kwamba katika kila nakala mna haki mbili za mtunzi, yaani jina lake na riziki yake, na kwamba haki hizo hazikuvunjwa wakati mmoja wala kwa sababu moja.

2. Hakimiliki isiyoandikwa

Kisomali kilipewa hati rasmi mwaka 1972. Lakini isidhaniwe kwamba kabla ya hapo mtunzi hakuwa na ulinzi. B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis, katika kitabu chao juu ya ushairi wa Kisomali kilichochapishwa mwaka 1964, walieleza jinsi mashairi yalivyohifadhiwa kichwani na kughanwa mbali na alipoishi mtunzi. Mghani alibanwa na masharti mawili: amtaje mtunzi, na asiyageuze maneno kwa makusudi. Andrzejewski aliifananisha desturi hii na sheria ya hakimiliki isiyoandikwa. Nyimbo za kazi, kama zile za kunywesha ngamia kisimani, hazikufungwa na masharti hayo, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa mali ya wote.

Tofauti hiyo inaeleza chanzo cha desturi yenyewe. Shairi zito lilikuwa tendo la hadharani. Kwa shairi watu walidai malisho, waliomba suluhu, walimtukana adui au walimkumbusha mtu deni. Aliyelitunga aliwajibika kwa matokeo yake, na ukoo wake pamoja naye. Kumwondolea jina, au kumbandika jina asiye mtunzi, kulikuwa kumnyima mmoja sifa yake na kumtwisha mwingine lawama isiyo yake. Basi katika maadili haya kurudia kazi ya mtu halikuwa kosa. Kurudiwa ndiko kulikokuwa heshima ya mtunzi. Kosa lilikuwa kuificha asili ya kazi.

Pwani nako hali haikuwa mbali na hiyo. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840, na mashairi yake yamefika hadi leo kwa juhudi za waliokumbuka na walionakili. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi kwa mkono wake. Hapana anayemwita mwizi, kwa maana bila ya wanakili fasihi kongwe ya Kiswahili ingalikuwa haba mno.

3. Zama za kaseti

Kaseti ilifanya kazi iliyokuwa ya mghani, na kwa muda fulani ilichukua pia maadili yake. Mwaka 1973 mshairi Mohamed Ibrahim Warsame, maarufu kwa jina la Hadraawi, alifungwa na serikali ya Siad Barre, akaachiliwa mwaka 1978. Baada ya hapo yeye na Mohamed Hashi Dhama, aitwaye Gaarriye, walishiriki katika mfululizo wa mashairi ya kujibizana ulioitwa Deelley, uliokemea ukabila na udhalimu. Mashairi hayo yasingeweza kupata nafasi katika redio ya serikali. Yalinakiliwa kaseti hadi kaseti, yakafika kila wanakoishi Wasomali. Kunakili huko kulikuwa ni uchapishaji wenyewe. Mnakili alijihatarisha, na hakuwa anampokonya mtunzi kitu. Alikuwa mjumbe wake.

Upande wa Kenya palikuwapo sababu nyingine. Eneo zima lilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu mwishoni mwa mwaka 1963 hadi 1991. Biashara ya kanda halali ilikuwa Nairobi, na sehemu kubwa ya kazi zilizotakiwa mpakani zilitoka Mogadishu na Hargeysa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ilikuwako tangu mwaka 1966, lakini mnunuzi wa Diff hakuwa na duka ambamo angeweza kuitii.

Hapana budi ikumbukwe pia nani aliyemlisha mwimbaji wakati huo. Wanamuziki wengi wa Somalia walikuwa watumishi wa redio za taifa au wa vikundi vya serikali kama Waaberi. Wengi wao hawakutegemea bei ya kaseti ili kupata mshahara. Serikali ilipoanguka mwaka 1991, mshahara ulikatika. Wasanii walitawanyika, wengine wakafika Kenya, katika kambi za Dadaab na katika mtaa wa Eastleigh. Tendo la kunakili halikubadilika hata kidogo, lakini maana yake iligeuka. Nakala ambayo jana haikumpunguzia mwimbaji kitu, sasa ilichota katika chungu chake.

Hata hivyo, hesabu haiishii hapo. Mwaka 1988 Hargeysa ilipopigwa mabomu na ndege za serikali yake yenyewe, kanda za redio ya mji huo zilitolewa na kufichwa, nyingine ardhini. Mwaka 2017 baadhi ya nyimbo za zama zile zilitolewa upya nchini Marekani na kampuni ya Ostinato Records.

4. Zama za simu

Siku hizi kazi iliyohitaji kaseti mia huingia katika kadi ndogo ya simu kwa dakika chache, kwa malipo kidogo. Uhaba uliomtetea mnakili wa zamani umepungua, kwani mtunzi na msikilizaji sasa wanaweza kufikiana, na fedha kutumwa kwa simu tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007. Sheria nayo imeongezwa nguvu: ilitungwa upya mwaka 2001, na marekebisho ya 2019 yakampa mwenye kazi njia ya kudai iondolewe pale ilipowekwa katika intaneti bila idhini.

Lakini hasara ya kwanza ya zama hizi si ya fedha. Mghani alipoanza kwa kumtaja mtunzi, kaseti ililibeba jina pamoja na sauti. Katika simu shairi hukatwa kipande, likapewa nambari tu, likaendelea kusambazwa bila ya mwanzo wake. Hivyo mnakili wa leo, pengine pasipo kukusudia, huvunja sharti ambalo mchunga ngamia asiyejua kusoma alilitimiza bila ya kuogopa mahakama.

5. Hitimisho

Imeonekana kwamba nia za wanakili zilikuwa mbalimbali: kuhifadhi, kukwepa udhalimu, kuziba pengo la soko, na kuchuma. Anayeziweka zote chini ya neno moja la wizi huwadhulumu waliookoa kazi; anayezisamehe zote huwadhulumu waliozitunga. Sheria iliyoandikwa inailinda riziki, nayo yastahili kutiiwa pale inapowezekana. Lakini haitashika mizizi Diff ikiletwa kama jambo geni, ilhali wenyeji wanayo tayari desturi ya kumtaja mtunzi. Anayelazimika kulitaja jina atakumbuka kwamba kazi ina mwenyewe, na mwenye kazi anayejulikana ndiye anayeweza kulipwa.