Uhuru wa Karatasi na Makao ya Mahuru

Aghalabu husimuliwa kwamba utumwa Unguja ulikwisha Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na soko la watumwa likafungwa. Walakini kufungwa kwa mnada hakukumfungua aliyekwisha kununuliwa. Hata wale waliookolewa majahazini na manowari waliacha swali zito: wapelekwe wapi? Aliyetekwa utotoni karibu na Ziwa Nyasa hakuwa na njia ya salama ya kurudi kwao. Basi baadhi yao walikabidhiwa misheni, wakakaa Mbweni, nje kidogo ya mji wa Unguja, na tangu 1875 huko Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Walipata viwanja na kazi, na wengi walipata pia jina jipya na dini mpya, watake wasitake.

Lakini amri ya Aprili 1897 ya Sultani Hamud bin Muhammad ndiyo istahiliyo kusomwa neno kwa neno. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru. Akiisha kuupata, ilimlazimu aonyeshe kwamba ana makao maalumu na njia ya riziki. Akishindwa, aliweza kutangazwa mzururaji. Je, mtu aliyeporwa nchi na ukoo atatoa wapi makao, ila kwa bwana yule yule mwenye shamba? Ndivyo ilivyokuwa. Wengi walifanya mapatano ya kutumika siku kadhaa kila juma katika mikarafuu ya waliowamiliki jana, ili wapate kibanda na kikonde. Bwana alilipwa fidia. Huru hakulipwa kitu. Masuria walihesabiwa kuwa kama wake, wala kwa kawaida hawakuachiliwa kwa amri hiyo ila kwa kuthibitisha ukatili, mpaka sheria ilipobadilishwa 1909.

Biashara ya watu leo imebadili mavazi tu. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, kifungu cha 7, yaitaka kila nchi ifikirie kumruhusu aliyeuzwa abaki humo, kwa muda au daima, inapofaa. Yasema "ifikirie", haisemi "ilazimike". Tanzania nayo ilitunga sheria yake ya kuzuia biashara hiyo mwaka 2008. Hata hivyo, afisa wa uhamiaji anayeletewa msichana asiye na pasipoti, kwa sababu imefichwa na aliyemleta, husimama pale pale aliposimama hakimu wa Unguja: atamwuliza kwanza yaliyompata, au atamwuliza anakaa wapi na kwa kibali gani?