Mnada wa intaneti: soma tangazo, kisha soma maoni

Watu wengi wakiingia kwenye mnada wa intaneti hutazama picha, wakatazama bei, kisha wakabofya. Vitu viwili wanaviruka: maneno ya tangazo lenyewe, na maoni ya watu waliowahi kununua kwa muuzaji huyo. Leo nataka turudi nyuma tuone vilikotoka, kwa sababu ukijua historia yake utajua pia mahali vinapodanganya.

Tuanze Septemba 1995. Pierre Omidyar, mwandika programu huko California, alitengeneza tovuti ya mnada akaiita AuctionWeb. Jina la eBay lilikuja mwaka 1997. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza, tena imeharibika. Ilinunuliwa kwa dola 14.83. Omidyar alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba haifanyi kazi. Yule bwana akajibu kwamba yeye hukusanya kalamu mbovu za leza! Basi mnada huo ulikuwa safi: tangazo lilisema ukweli, na mnunuzi alilisoma.

Watu walipoongezeka, malalamiko nayo yakaongezeka. Ukienda Gikomba unaishika suruali, unaipindua, unajaribu zipu, na muuzaji unamwona uso kwa uso. Kwenye intaneti unatuma pesa kwa mtu usiyemjua, ukiomba Mungu asikuuzie mbuzi kwenye gunia. Mwanauchumi George Akerlof alikuwa ameeleza shida hii tangu 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika: muuzaji akijua ubora na mnunuzi asijue, bidhaa mbovu huweza kuzifukuza nzuri sokoni. Mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Februari 1996 Omidyar alileta dawa yake. Kila mtu angeweza kumpa mwenzake alama moja ya kuongeza, sifuri, au moja ya kupunguza, pamoja na maneno machache. Kwa sisi waandika programu hilo ni jedwali dogo sana la data, lakini ndilo lililowafanya watu wasiojuana wathubutu kufanya biashara.

Dawa hiyo haikuchukua muda kupata wajanja wake. Mei 2000, wakili mmoja wa California, Kenneth Walton, alitangaza mchoro wa rangi kwa bei ya kuanzia ya senti 25. Alijifanya baba wa familia aliyeununua zamani kwenye mauzo ya vitu vya nyumbani, na kwamba mtoto aliutoboa. Hakutaja mchoraji popote. Lakini kwenye picha zilionekana herufi RD na namba 52, na wanunuzi wakajiambia huo ni mchoro wa Richard Diebenkorn. Dau likafika dola 135,805. Ikagundulika kwamba Walton alikuwa amepandisha bei ya tangazo lake mwenyewe kwa jina jingine, na eBay ikafuta mauzo. Uchunguzi ulionyesha kwamba yeye na wenzake walitumia majina zaidi ya 40 kupandishiana bei katika mamia ya minada. Alikiri makosa mwaka 2001.

Ona basi: wanunuzi walisoma kile ambacho tangazo halikusema.

Na zile alama? Paul Resnick na Richard Zeckhauser walichunguza data za eBay za mwaka 1999 wakakuta asilimia 99.1 ya maoni ya wanunuzi ni ya kusifu. Je, wauzaji wote walikuwa malaika? Hapana. Wakati huo muuzaji naye alimpa mnunuzi alama, kwa hiyo aliyelalamika aliogopa kulipiziwa. Wengi walinyamaza. Ni mwaka 2008 ndipo eBay ilipowazuia wauzaji kuwapa wanunuzi alama mbaya.

Hata alama za kweli zina mpaka wake. Desemba 2013, kijana wa Nottingham, Uingereza, alilipa pauni 450 akidhani amepata Xbox One. Muuzaji alikuwa na maoni mazuri, na tangazo liliwekwa kwenye sehemu ya mashine za michezo. Lakini ndani yake kulikuwa na neno "picha", na kilichomfikia ni picha ya Xbox iliyochapwa kwenye karatasi. eBay ilisimama upande wake, lakini si kila mtu hupata bahati hiyo.

Kwa hiyo mimi husoma hivi. Kwanza maneno yote ya tangazo, mpaka mistari ya chini, nikitafuta neno kama "picha", "kasha tu" au "kwa vipuri". Jambo ambalo halijaandikwa nalichukua kuwa halipo, na namuuliza muuzaji kabla ya kuweka dau. Pili, asilimia siitegemei: nafungua maoni mabaya na ya katikati, natazama tarehe, natazama aliuza nini. Aliyesifiwa mara 200 kwa kuuza vitabu vya bei ndogo, na leo anauza kompyuta ya bei kubwa, hizo sifa ni za vitabu.

Alama zinakueleza alivyouza jana. Leo anakuuzia kilichoandikwa kwenye tangazo.