Kutoka Merekani hadi M-Pesa: Historia ya Alama za Biashara Afrika Mashariki

Katikati ya karne ya 19, nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Kwa nguo wapagazi walinunua chakula njiani, viongozi wa misafara walilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watawala wa bara, na pembe za ndovu zilipatiwa bei. Katika nguo zote hizo, iliyoheshimiwa zaidi ni merekani: kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem. Biashara hiyo ilipata nguvu baada ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, kuwekeana mkataba na Marekani mwaka 1833. Mwaka 1837 Richard Waters alifika Unguja akiwa konsuli wa kwanza wa Marekani.

Wanunuzi wa bara waliijua merekani kwa kuishika. Waliipima kwa mkono, kwa shuka na kwa doti, na hawakukubali kirahisi kuuziwa kitambaa chepesi mahali pa kizito. Wafumaji wa Uingereza walijaribu kuiiga, lakini kwa muda mrefu soko liliwakatalia. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865. Pamba ikaadimika na merekani halisi ikapungua Unguja. Pengo hilo likazibwa na nguo za Uingereza, na baadaye za Bombay. Nguo hizo mpya nazo zikaitwa merekani, na hadi leo muuza vitambaa atakukatia merekani bila kujali imefumwa nchi gani.

Watu wa Massachusetts walijenga sifa ya nguo yao katika masoko ambayo wengi wao hawakuyakanyaga kamwe. Sifa hiyo ilikuwa na thamani ya fedha, lakini haikuwa na mwenyewe kisheria. Hakukuwa na daftari la kuandikia jina, wala mahakama ya kumzuia mtu mwingine kulitumia. Tangu wakati huo hadi leo, historia ya biashara katika eneo letu imerudia jambo hilo mara nyingi: soko hulipa jina thamani, na sheria humpa haki yule aliyekwenda kulisajili. Watu wetu wamekuwa hodari wa kazi ya kwanza kwa karne nyingi. Katika kazi ya pili tumechelewa, na kuchelewa huko kumetugharimu.

Mali ya Abdulla

Haimaanishi kwamba wafanyabiashara wa pwani hawakujua umuhimu wa alama. Ushahidi uko kwenye kanga. Tandika kanga ya Mombasa mezani uisome kuanzia pembeni. Kwanza unakutana na pindo, yaani mpaka unaoizunguka nguo yote. Ndani yake uko mji, sehemu ya kati yenye ua au mchoro mkuu. Sehemu ya chini ya mji limeandikwa jina, ule ujumbe ambao mvaaji humpelekea mume, wifi, jirani au dunia nzima. Ukishusha macho tena hadi ukingoni, utaona herufi ndogo ambazo wengi huzipita bila kuzisoma. Katika kanga nyingi zilizopendwa zaidi pwani, herufi hizo ni K.H.E., zikifuatiwa na maneno *Mali ya Abdulla*.

K.H.E. ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara aliyeanzisha duka lake Mombasa mwaka 1887 na kujulikana kwa jina la Abdulla. Nguo zenyewe zilichapwa mbali, kwa zama tofauti huko Uholanzi, Uingereza, India na Japani, lakini aliyechagua ua, rangi na jina ni mfanyabiashara wa pwani aliyewajua wateja wake. Kiwanda cha ng'ambo kingeweza kuwachapia wafanyabiashara kumi, na ua lililovuma msimu mmoja lingeweza kuigwa msimu uliofuata. Maneno yale matatu ukingoni yalimhakikishia mnunuzi kwamba rangi haitachuja, na kwamba nguo ikiwa na kasoro anamjua wa kumrudia. Mama aliyemtuma mtoto dukani akamwambia alete ya Abdulla alikuwa anaitumia alama ya biashara kwa kazi yake halisi: kutambua bidhaa inakotoka na kuamini ubora wake bila kuanza kuichunguza upya.

Daftari la London

Huko Ulaya karne hiyohiyo, viwanda vilikuwa na tatizo kama hilo la kuigwa, na dola zikatafuta dawa ya kisheria. Ufaransa ilitunga sheria ya alama mwaka 1857. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya usajili mwaka 1875, na tarehe 1 Januari 1876 daftari la London likafunguliwa. Alama ya kwanza kuandikwa humo, namba 1, ilikuwa pembetatu nyekundu ya bia ya Bass. Mwaka 1883 nchi kadhaa zikatia saini Mkataba wa Paris, uliomwezesha raia wa nchi mwanachama kudai haki zake katika nchi nyingine wanachama kwa masharti yaleyale waliyowekewa wenyeji.

Fikra ya daftari ilifika kwetu pamoja na utawala wa kikoloni, na yaliyokuwa tayari kuitumia zaidi ni makampuni yenye mawakili: ya sabuni, sigara, dawa na vinywaji. Bia ya Tusker ni mfano wa alama iliyozaliwa hapahapa. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la mnyama huyo mwenye pembe. Tembo yule wa kwenye chupa amepita katika mikono ya wanahisa wengi na bado ni mali inayohesabiwa, kwa kuwa ameandikwa.

Kenya ilianza kutumia sheria yake ya alama za biashara, Sura ya 506, tarehe 1 Januari 1957, na msingi wake unatumika hadi leo chini ya taasisi ya mali za viwandani, KIPI. Tanzania Bara ilitunga sheria mpya mwaka 1986, iliyokusudia alama za bidhaa na za huduma pia, na usajili uko mikononi mwa wakala wa usajili wa biashara na leseni, BRELA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na msajili wake, BPRA, kwa sababu jambo hili si la Muungano. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyesajili alama yake Dar es Salaam bado hajaisajili Unguja. Wengi hulitambua hilo siku wanapoikuta alama yao Darajani kwenye bidhaa ya mtu mwingine.

Namna haki inavyopatikana

Kosa moja limewaumiza wajasiriamali wengi kuliko mengine yote: kudhani kwamba cheti cha jina la biashara ni sawa na alama ya biashara. Jina la biashara humtambulisha mtu anayefanya biashara. Alama ya biashara, iwe neno, mchoro au vyote viwili, huilinda bidhaa yenyewe isiuzwe na mwingine kwa sura ileile. Ni maombi mawili tofauti, hata pale yanapopokelewa na ofisi moja.

Mwombaji wa alama huanza kwa kumwomba msajili apekue daftari kuona kama kuna alama inayofanana. Kisha huchagua madaraja ya bidhaa zake. Dunia imezigawa bidhaa na huduma katika madaraja 45, ambapo 34 ya kwanza ni ya bidhaa na 11 yaliyobaki ni ya huduma. Vitambaa viko daraja la 24, nguo za kuvaa daraja la 25. Anayeuza majora ya vitenge na magauni ya kitenge anahitaji yote mawili. Msajili huchunguza kama alama inatofautisha bidhaa hiyo na nyingine: neno *Asali* haliwezi kuwa la muuza asali mmoja, kwa kuwa kila muuza asali analihitaji. Alama ikikubaliwa hutangazwa katika jarida rasmi, na kwa siku 60 mtu yeyote anaweza kuweka pingamizi. Pasipo pingamizi, cheti hutolewa. Kenya alama hulindwa miaka 10, kisha huhuishwa kwa miaka 10 mingine. Tanzania Bara kipindi cha kwanza ni miaka 7, na baada ya hapo huhuishwa kila miaka 10.

Asiyesajili hakosi kinga kabisa. Mahakama zetu humsikiliza mtu anayelalamika kwamba mwenzake anauza bidhaa zake kwa kujifanya yeye. Lakini hapo analazimika kuthibitisha kwamba jina lake linajulikana, kwamba wateja wamepotoshwa na kwamba amepata hasara. Mwenye cheti huanza na cheti mkononi. Kwa biashara ndogo, tofauti hiyo ndiyo huamua kama kesi itafunguliwa au itaachwa.

Mali ya wote inapotafutiwa mwenyewe

Haki ya alama huishia mpakani mwa nchi iliyoitoa, na hapo ndipo majina ya pwani yalipopata misukosuko. Mnamo 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba nchini humo kusajili neno KIKOY liwe alama yake. Kikoi ni vazi la mwambao mzima, na wafumaji na wauzaji wa Kenya walikuwa wanakipeleka katika soko hilohilo. Ombi lingefaulu, wangehitaji ruhusa ya kampuni hiyo ili wauze kikoi Uingereza kwa jina lake la asili. Pingamizi liliwekwa kwa msaada wa Traidcraft, shirika la biashara ya haki la Uingereza, na jina likabaki huru. Ushindi huo ulitokana na watu wachache walioliona tangazo mapema. Muda wa pingamizi ungepita kimya, historia ya kikoi pekee isingelizuia daftari.

Kwa *Hakuna Matata* mambo yalikwenda vingine. Maneno hayo yalikuwa yameshaimbwa na Them Mushrooms wa Kenya katika *Jambo Bwana* mwaka 1982. Mwaka 1994, filamu ya *The Lion King* ilipotoka, kampuni ya Disney iliomba Marekani kuyasajili kwa ajili ya fulana, na mwaka 2003 usajili ukakamilika. Mwaka 2018 watu zaidi ya 100,000 walitia saini malalamiko ya kutaka usajili huo ufutwe. Ni kweli kwamba usajili huo haumzuii mtu kuyasema wala kuyaimba maneno hayo, na haugusi biashara ya Mombasa au Arusha. Lakini Mswahili anayetaka kuuza Marekani fulana zenye maneno ya lugha yake atamkuta mwenyewe mlangoni, na malalamiko ya 2018 yalikuja miaka 15 baada ya usajili.

Majirani zetu Waethiopia walichukua njia ya kutangulia. Mwaka 2005 serikali yao iliomba Marekani kusajili Sidamo, Harar na Yirgacheffe, majina ya maeneo yanayotoa kahawa yao bora. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa cha Marekani kilipinga, na mvutano na kampuni ya Starbucks ukawa mkali. Mwaka 2007 Starbucks ilitia saini makubaliano ya kutambua umiliki wa Ethiopia juu ya majina hayo na kuyatumia kwa leseni. Wakulima wa Ethiopia hawakuhitaji kuongeza hata gunia moja kwa ajili ya ushindi huo. Kilichobadilika ni nani ana sauti juu ya jina.

Hata kampuni kubwa za kwetu zimejifunza somo hilo kwa fedha. M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ilianza Kenya Machi 2007 chini ya kampuni ya simu ya Safaricom, ikakua kwa imani ya mawakala na wateja wa Afrika Mashariki, ikafika Tanzania mwaka 2008 kupitia Vodacom. Hata hivyo, jina lilikuwa la Vodafone ya Uingereza, na Safaricom ililipa ada kulitumia. Ni Aprili 2020 tu ambapo Safaricom na Vodacom zilikamilisha ununuzi wa alama hiyo na mfumo wake. Ziliweza kwa kuwa zina mtaji wa kununulia. Kikundi cha wafumaji wa ukili wa Pemba au wafuga nyuki wa Tabora hakitaweza kulinunua jina lake likishaandikwa kwa mwingine.

Kwa vikundi kama hivyo, baadhi ya sheria za alama zina nafasi ambayo hatujaitumia ipasavyo: alama ya pamoja, inayomilikiwa na ushirika na kutumiwa na kila mwanachama anayetimiza masharti ya ubora. Chombo hicho kinafaa hasa kwa mali kama kikoi, mkeka, asali na karafuu, ambazo ubora wake umejengwa na jamii nzima, hakuna mtu mmoja anayeweza kudai ni zake. Vyama vya ushirika, halmashauri na vyuo vyetu vya sheria vina wajibu wa kuwafikisha wazalishaji hawa kwa msajili, kuwasaidia kuomba katika nchi wanakouza, na kuweka watu wa kusoma majarida ya alama ya nchi hizo kabla muda wa pingamizi haujaisha. Ada ya maombi ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kudai jina lililokwisha kuchukuliwa, na sifa inayolindwa na ada hiyo tayari wazee wetu wameilipia kwa kazi ya vizazi.