Shule ya Maseno: Vijana Waliotaka Kitabu

Somo letu la leo ni la historia. Tutazungumza juu ya shule moja ya shamba, Shule ya Maseno, iliyo karibu na mstari wa Ikweta, kiasi cha kilometa 25 kutoka mji wa Kisumu.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Miaka mitano baadaye, yaani mwaka 1906, wamisionari wa Kianglikana wa C.M.S., wakiongozwa na J. J. Willis, walianzisha shule hii. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wachache, na wengi wao wana wa machifu. Serikali ilitaka makarani. Misheni ilitaka walimu wa dini. Lakini wote wawili waliona kuwa inafaa Mwafrika afundishwe sana kazi za mikono.

Mwaka 1908 wanafunzi waligoma. Walisema wamekuja kusoma, wala hawakuja kufanya kazi za sulubu. Je, walikuwa wavivu? Hapana. Jembe walilijua tangu utoto. Hawakuhitaji kwenda shule kulitafuta. Bali waliona kuwa kodi imeandikwa, amri imeandikwa, na mkataba wa kazi umeandikwa. Asiyejua kusoma alitia dole gumba chini ya maneno asiyoyafahamu.

Hata hivyo, mwaka 1909 Profesa Fraser, aliyetoka Bara Hindi, aliishauri serikali itilie mkazo kazi za mikono katika shule za Waafrika. Basi mvutano ukaendelea.

Tutazame matunda yake. Mwezi wa Desemba mwaka 1921 watu walikutana Lundha, katika nchi ya Gem, wakaunda Chama cha Vijana wa Kavirondo. Viongozi wake, kama Jonathan Okwiri, walikuwa watu waliosoma Maseno. Walilalamika juu ya kodi, kipande na kazi za kulazimishwa, tena walitaka haki ya ardhi yao. Kalamu ile waliyoidai vijana wa mwaka 1908 sasa iliandika malalamiko ya nchi nzima.

Kutoka mwaka 1928 hadi 1940 mkuu wa shule alikuwa Carey Francis, mwalimu wa hesabu kutoka Cambridge. Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya, alisoma hapo. Kadhalika Bethwell Ogot, mwanahistoria mashuhuri. Baada ya Uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ilitoa uendeshaji wa shule za misheni mikononi mwa makanisa na kuutia chini ya serikali. Makanisa yakabaki kuwa wadhamini.

Basi tukumbuke hivi: historia ya shule si majengo na wakuu wake tu. Wanafunzi nao waliijenga, kwa kuuliza wanafundishwa nini, na kwa faida ya nani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:
1. Kwa nini wanafunzi wa Maseno waligoma mwaka 1908?
2. Kazi ya mikono na kitabu, je, ni lazima vigombane?
3. Shule ya kwenu ilianzishwa na nani, na kwa kusudi gani? Waulizeni wazee.