Ukomo wa vifaa vya utiririshaji sauti

Ukomo wa vifaa vya utiririshaji sauti ni hali ambapo spika, redio ya intaneti au kifaa kingine cha kuchezea muziki kutoka mtandaoni kinaacha kufanya kazi, chote au sehemu yake, ingawa hakijaharibika. Spika haijapasuka wala waya haujakatika. Kilichokoma ni huduma iliyo mbali, kwa kawaida seva au programu ya mtengenezaji.

Hali hiyo ni tofauti na uharibifu wa kawaida. Redio iliyoungua hupelekwa kwa fundi, naye hubadilisha kipuri. Kifaa ambacho seva yake imefungwa hakina kipuri cha kubadilishwa.

Sababu

Redio ya FM huhitaji mambo mawili: umeme au betri, na kituo kinachorusha matangazo. Kifaa cha utiririshaji huhitaji pia mtandao wa intaneti, programu iliyomo ndani yake, programu ya simu ya kukiendesha, na mara nyingi seva za mtengenezaji. Kiungo kimoja kikikatika, sauti hukoma. Sababu za kawaida ni hizi:

* Kufungwa kwa seva. Redio nyingi za intaneti hupata orodha ya vituo kutoka kwenye seva moja. Huduma ya Reciva, iliyotumiwa na redio za kampuni mbalimbali, ilifungwa mwaka 2021, na redio hizo zikapoteza orodha yake.
* Kubadilika kwa mfumo wa kurusha sauti. Mwaka 2015 BBC ilibadilisha namna ya kurusha redio zake mtandaoni, na baadhi ya redio za intaneti za zamani hazikuweza tena kuzipokea.
* Kuisha muda kwa vyeti vya usalama. Kifaa hutumia cheti cha kidijitali kuthibitisha kwamba kinawasiliana na seva halali. Mwezi Machi 2025 vifaa vya Chromecast Audio vya Google vilikwama kwa sababu cheti cha aina hiyo kilikuwa kimeisha muda. Google ilikuwa imeacha kuvitengeneza tangu 2019, lakini ilituma marekebisho vikafanya kazi tena.
* Udogo wa kumbukumbu. Programu mpya huhitaji nafasi kubwa kuliko iliyowekwa kifaa kilipotengenezwa.

Mifano

Squeezebox ilibuniwa na kampuni ya Slim Devices ya Marekani, iliyonunuliwa na Logitech mwaka 2006. Logitech iliacha kutengeneza vifaa hivyo mwaka 2012, na mwaka 2024 ikafunga seva yake. Hata hivyo vingi vinaendelea kutumika, kwa sababu programu ya kuviendesha ni huria: mtu huiweka kwenye kompyuta ya nyumbani. Watu wanaojitolea huiendeleza kwa jina la Lyrion Music Server.

Sonos ilitangaza Januari 2020 kwamba baadhi ya bidhaa zake za zamani hazitapata tena masasisho kuanzia Mei mwaka huo. Wateja walilalamika, na kampuni ikatenga programu ya pekee kwa ajili ya vifaa hivyo. Kabla ya hapo Sonos ilitoa punguzo kwa mteja aliyekubali kuzima kabisa kifaa chake cha zamani ili anunue kipya. Kifaa kilichozimwa hivyo hakikuweza kutumiwa na mtu mwingine. Utaratibu huo uliondolewa mwaka 2020.

Bose ilitangaza Oktoba 2025 kwamba seva za spika zake za SoundTouch, zilizoanza kuuzwa mwaka 2013, zingefungwa mwaka 2026. Baada ya malalamiko ilichapisha maelezo ya kiufundi ili watu wengine waweze kuandika programu za kuziendesha.

Afrika Mashariki

Kifaa kizima kunyamaza kwa uamuzi wa mrushaji si jambo geni kwa wasikilizaji wa Kiswahili. Januari 2011 BBC ilitangaza kwamba Kiswahili ni miongoni mwa lugha zitakazoondolewa kwenye masafa mafupi. Mawimbi ya masafa mafupi huakisiwa na tabaka la juu la angahewa, kwa hiyo hufika mbali sana. Redio yenye masafa hayo pekee haikuweza kupokea vituo vya FM vilivyorusha matangazo hayo kwa ubia.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ilizima mitambo ya televisheni ya analojia jijini Dar es Salaam. Mwaka 2013 zoezi liliendelea katika miji mingine, ikiwemo Tanga, Moshi na Arusha. Televisheni za zamani hazikutupwa zote, kwa kuwa king'amuzi kiliziwezesha kupokea mfumo mpya. Gharama ya kukinunua ilibebwa na mwenye televisheni.

Mfano wa Makanya

Makanya ni kata ya Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro. Iko kwenye tambarare kavu chini ya Milima ya Pare, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha na reli ya Tanga–Moshi. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo milima hiyo, yenye kilele cha Shengena kinachozidi mita 2,400, huweza kuyazuia yasifike mabondeni. Intaneti inaweza kuziba pengo hilo palipo na mnara wa simu, lakini msikilizaji hulipia kifurushi. Redio inayotiririshwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 58 kwa saa. Saa 4 kila siku ni karibu gigabaiti 7 kwa mwezi.

Kifaa cha muziki kilichoenea majumbani nchini Tanzania ni sabufa. Kwa kawaida hupokea FM, husoma flashi na kadi ya kumbukumbu, na huunganishwa na simu kwa bluetooth. Hakuna hata njia moja kati ya hizo inayohitaji seva ya mtengenezaji wa sabufa. Muziki ukitoka mtandaoni, simu ndiyo inayohitaji masasisho, na simu inaweza kubadilishwa huku sabufa ikibaki ileile.

Mnunuzi wa kifaa cha mtumba kutoka nje ya nchi yumo hatarini zaidi, kwani muda wa huduma huhesabiwa kwa mfululizo wa bidhaa wala si tangu siku aliyonunua yeye.

Kurefusha maisha ya kifaa

Kifaa chenye tundu la waya wa sauti, bluetooth au FM huendelea kutumika hata seva ikifungwa. Programu huria na maelezo ya kiufundi yaliyochapishwa huwawezesha watumiaji kuanzisha seva zao wenyewe. Nchini Uingereza, sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024 inamtaka mtengenezaji wa vifaa vinavyounganishwa na intaneti aeleze muda wa chini atakaotoa masasisho ya usalama. Sheria hiyo haimlazimishi kuendesha seva zake milele.

Redio ya analojia nayo haina uhakika wa kudumu. Mwaka 2017 Norwei ilikuwa nchi ya kwanza kuzima FM ya vituo vya taifa.