Asili na Nakala: Taswira ya Papa Julius wa Pili

Maneno asili na nakala hutumika kila siku maofisini, na kwa hiyo hudhaniwa kuwa mepesi. Historia ya taswira ya Papa Julius wa Pili yatuonyesha uzito wake. Taswira hapa ni picha iliyokusudiwa kuonyesha sura ya mtu maalumu. Picha ni neno pana zaidi.

Raphael aliichora kwa rangi za mafuta juu ya ubao, nayo imo katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini London tangu 1824. Mzee ameketi, macho ameyainamisha, wala hamtazami mtu. Mkono wa kulia umeshika kitambaa. Wa kushoto umeukamata mkono wa kiti. Vidoleni mna pete. Juu ya nguzo za kiti yametiwa matunda ya mwaloni ya rangi ya dhahabu, kwa kuwa jina la ukoo wake, della Rovere, lahusiana na mti huo.

Ndevu zatupa tarehe. Mwaka 1511 Papa alipoteza mji wa Bologna. Alizifuga kwa majonzi, kinyume cha desturi ya mapapa wa wakati ule, akazinyoa Machi 1512. Basi mtawala huyu, aliyepata kuongoza majeshi mwenyewe, twamwona katika miezi ya kushindwa.

Hata hivyo, kwa muda mrefu taswira hii ilihesabiwa kuwa nakala, na nyingine iliyoko Florence ndiyo ikaitwa asili. Neno lilitangulia macho. Mnamo 1970 matokeo ya uchunguzi yalitangazwa: eksirei zilionyesha kwamba chini ya rangi ya kijani iliyo nyuma ya Papa zilikuwamo funguo za kipapa, ambazo mchoraji alizichora kisha akazifunika. Mwenye kunakili hufuata kazi iliyokwisha kamilika. Hana sababu ya kubadili shauri katikati. Mabadiliko hayo yalikuwa alama ya mkono uliokuwa ukitafuta.

Watunga istilahi wapate funzo hapa. Nakala si jina la kuelezea tu, bali ni hukumu. Pale ambapo ushahidi haujatimia, twapendekeza orodha za sanaa zitumie neno toleo, lisilomhukumu mchoraji wala kumfumba macho mtazamaji.