Kufahamiana kwa Kazi

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, kila tukutanapo wapo wanaouliza nani sasa ana cheo cha kutufaa. Naomba tuitazame historia kidogo.

Mwaka 1943 Julius Nyerere aliingia Makerere. Huko yeye, Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu walianzisha chama cha ustawi wa Watanganyika. Hakuna aliyekuwa na cheo cha kumgawia mwenziwe. Walikuwa na kazi ya kufanya pamoja tu.

Masomo yalipokwisha, Nyerere alikwenda kufundisha St. Mary's, Tabora, alikokuwako Tibandebage. Wote wawili wakashika shughuli za chama cha TAA mjini hapo. Mkuu wa shule, Padre Richard Walsh, aliiona kazi ya mwalimu huyu kila siku, naye akawa miongoni mwa waliomsaidia kwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949. Mwaka 1953 Nyerere alichaguliwa rais wa TAA. Mwaka uliofuata ikazaliwa TANU. Baada ya uhuru Tibandebage alikuwa balozi.

Huko si kubebana. Padre alimsaidia mtu ambaye kazi yake aliijua. Sisi tulilala bweni moja: hilo latosha kusalimiana, halitoshi kudhaminiana.

Basi natoa shauri. Tushike kazi moja ya shule yetu, tuseme maktaba, tuifanye kwa zamu, wazee kwa vijana. Hapo kijana anayetafuta kazi tutamjua kwa bidii yake, na akihitaji mdhamini tutamsemea bila kusema uongo.